Bei ya Kiti Kitupu

Mara ya kwanza kwenda mbugani peke yangu nililipia viti sita nikakalia kimoja. Ilikuwa Tarangire, mwezi wa tisa, vumbi limetanda mpaka kwenye kope. Gari lilikuwa Land Cruiser la paa la kufunguka, zima na safi, na nyuma yangu kulikuwa na viti vitano visivyo na mtu, mikanda imelazwa juu yake vizuri. Wakala niliyemlipa Arusha alikuwa ameniahidi kundi. "Wenzako wapo, dada, wewe njoo tu asubuhi." Asubuhi nikamkuta dereva amesimama peke yake, na kwenye simu kuna ujumbe kwamba wenzangu wameahirisha, kwa hiyo niongeze tofauti au nisubiri wiki inayofuata. Likizo yangu ilikuwa ya siku nne. Nikaongeza.

Siwezi kusema sikuona. Mto Tarangire kipindi hicho hubaki na maji sehemu sehemu, kwingine ni mchanga mtupu, na tembo wanajua maji yamejificha wapi. Jike mmoja alisimama katikati ya mchanga, akaanza kukwangua kwa ncha ya mguu wa mbele, polepole, kama mtu anayefagia uwanja. Akachota mchanga kwa mkonga, akaumwaga kando, akarudia. Shimo lilipofika kina cha kutosha akaacha, akasimama tu. Dereva akaninong'oneza kwamba anasubiri maji yachuje. Tukasubiri naye. Alipoingiza mkonga na kuutoa, ulidondosha matone, na ndama aliyekuwa chini ya tumbo lake akasogea. Nikageuka nyuma nimwambie mtu, "Umeona?" Nikakutana na ile mikanda.

Niliporudi Dar es Salaam nilikaa na daftari. Siku mbili zile zilikuwa zimekula zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, na sikuwa tayari kukubali kwamba mtu wa kipato changu aende mbugani mara moja maishani kisha abaki akisimulia. Wanyama hawa tumesomeshwa tangu darasa la kwanza kwamba ni urithi wetu. Twiga ni mnyama wetu wa taifa. Nikaandika kila shilingi ilikokwenda, nikitaka kujua ni nini hasa kilichonimaliza.

Wengi wakisema mbuga ni ghali huwa wanafikiria geti. Geti ndilo lilikuwa dogo kuliko yote. Kwa raia wa Afrika Mashariki, mtu mzima, kiingilio cha Mikumi nilipolipa mara ya mwisho kilikuwa shilingi 5,900 pamoja na kodi, na hata Serengeti yenyewe 11,800. Kuna sahani za chipsi kuku mjini zinazozidi hapo. Mgeni wa nje hulipa zaidi na hesabu yake ni nyingine kabisa, lakini sisi hatuna sababu ya kuogopa geti. Chakula nacho hakikuwa kitu. Malazi yalikuwa makubwa kidogo kwa sababu nilikubali loji bila kuuliza. Kilichobaki, sehemu kubwa ya ukurasa, kilikuwa gari.

Gari la mbugani halina bei ya mtu. Lina bei ya siku. Mafuta ni yaleyale, dereva ni yuleyule, matairi yanachakaa vilevile, awe amepanda mmoja au sita. Wanaokwenda kifamilia hawalioni jambo hili kwa sababu viti vyao vinajaa vyenyewe. Anayekwenda peke yake analipia hewa. Tangu siku hiyo sijapanga safari kwa kuanza na swali la "niende wapi" wala "nilale wapi". Naanza na kiti: ama nipate watu wa kuvijaza, ama niende mahali ambapo sihitaji kiti. Kupunguza maji ya chupa, kubeba biskuti, kupata punguzo la gesti, yote hayo ni mapambo juu ya hesabu hiyo.

Ndiyo maana nilichagua Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Watu wa Iringa, Mbeya na Songea wanaijua kupitia dirisha la basi: nyani wamekaa kwenye ukingo wa lami, swala pala wamesimama wakitikisa masikio, bango la faini likiwa limeorodhesha kila mnyama na bei utakayolipa ukimgonga. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja. Ninafika kwa usafiri wa umma, kwa nauli ya kawaida, mpaka mlangoni pa porini, na gari la gharama nalikodi kwa saa zile tu ambazo nalihitaji. Kaskazini ningeanza kulilipia tangu Arusha mjini, kilomita zaidi ya mia moja za lami ambazo hata Coaster ingenipeleka.

Treni ya mwendokasi imerahisisha zaidi. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi wa sita mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000, na kwa muda usiofika saa mbili umeshuka. Kutoka stesheni unachukua bajaji hadi stendi ya mabasi ya Msamvu, kutoka Msamvu mabasi ya Iringa na Mbeya hayakosekani. Ila sikiliza hapa, maana nimeona watu wakikosea: usimwambie kondakta akushushe getini. Geti liko kwenye barabara kuu, ndani ya pori, kabla hujafika mji wa Mikumi. Ukishuka pale huna gari, hakuna kituo cha bodaboda, na huruhusiwi kutembea kwa miguu kwenye barabara ambayo tembo wanavuka wakati wowote. Pita, nenda hadi mjini, lala, kesho urudi na gari.

Mama yangu alipopata habari alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Peke yako? Porini? Kwani umekosa watu?" Nilimjibu kwamba watu ninao, ila kila tukipanga, mmoja ana harusi, mwingine ada ya mtoto, mwingine anasema mwezi ujao, na huo mwezi ujao sasa una miaka mitano. Hakuridhika, na sikumlaumu. Simba hakuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa gesti, stendi, na wanaume wasiojulikana, na kusema kweli hata langu lilikuwa hilohilo. Mnyama ukiwa ndani ya gari na ukifuata sheria hana shida na wewe.

Kwa hiyo tuliwekeana utaratibu, mimi na yeye na dada yangu, na mpaka leo ninaufuata. Nafika mji wowote mgeni kabla ya saa kumi jioni. Chumba nakiona kwanza, nalijaribu komeo kwa mkono wangu, naangalia chandarua kama kina matundu, ndipo nalipa. Gari nikilipata, napiga picha ya namba zake na ya leseni ya dereva, mbele yake, bila kuficha, nawatumia nyumbani. Dereva mstaarabu haoni vibaya. Aliyewahi kununa mbele yangu niliachana naye palepale. Na nikiulizwa na mtu nisiyemjua kama niko peke yangu, jibu ni kwamba wenzangu wako nyuma wanakuja. Mama alinifundisha hilo na nimeliona likifanya kazi.

Sasa kujaza viti. Kitu kilichonishangaza ni kwamba ushauri wote niliousoma ulisema uende siku za katikati ya wiki, kumetulia, bei zimeshuka. Kwa mtu aliye peke yake ushauri huo ni wa kumtia hasara. Jumanne mji wa Mikumi una vyumba vya bei nafuu na hakuna mtu wa kugawana naye gari. Ijumaa jioni chumba kimepanda elfu tano, lakini mji mzima umejaa watu wanaouliza swali unalouliza wewe. Ninakwenda wikiendi, na nikiweza naenda likizo za mwezi wa sita au wa saba, kiangazi, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakisogelea maji. Wakati wa masika sithubutu: uwanda wa Mkata una udongo mweusi ambao ukilowa hushika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko, na barabara nyingi za ndani hazipitiki.

Siku tatu kabla ya safari nilipiga simu gesti tatu za Mikumi. Sikuuliza bei tu. Niliuliza, "Kuna wageni wenu wanaotaka kuingia mbugani Jumamosi?" Gesti ya tatu, dada wa mapokezi akanijibu kwamba kuna walimu wawili, mke na mume, wamepanga chumba kuanzia Ijumaa na walishauliza gari wakashindwa bei. Nikamwomba awaulize kama niwape namba. Jioni ile mwalimu mwenyewe akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameshakata tamaa. Gari la siku nzima lilikuwa shilingi 280,000. Kwa watu wawili ni mzigo, kwa watatu unaanza kubebeka. Ijumaa usiku, tukiwa tunakula pale nje, akajitokeza kijana fundi umeme aliyekuwa anapita kwenda Mbeya, akatusikia tukipiga hesabu, akaahirisha safari yake kwa siku moja. Sabini elfu kila mmoja. Nilifurahi kama niliyeokota.

Mambo ya makubaliano na dereva yasemwe usiku, si asubuhi. Tuliandika kwenye karatasi: tunaondoka saa kumi na mbili kasoro, mafuta ni juu yake, ada ya gari getini ni juu yake, viingilio vyetu ni juu yetu, tunatoka jua likizama na si saa nane mchana. Hilo la mwisho ndilo watu wengi husahau. Wapo madereva ambao kwao "siku nzima" ni mpaka chakula cha mchana. Wa kwetu, mzee wa makamo aliyeendesha njia zile tangu ujana, alisoma karatasi, akacheka, akasema, "Mmekuja na mkataba kama wa nyumba," kisha akasaini.

Getini hawapokei pesa taslimu. Wanakupa kontroli namba, unalipa kwa simu au kwa kadi, kwa hiyo jaza pesa kwenye simu ukiwa bado mjini, na beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, maana bila kuthibitisha uraia huwezi kudai kiingilio cha raia. Kijana wetu fundi alikuwa ameacha kitambulisho kwenye begi gesti. Tulirudi mjini na tukapoteza saa nzima ya asubuhi, saa ile ambayo simba huwa bado hawajaingia kivulini. Hatukumgombeza. Ila tangu hapo mimi huuliza kila mtu kwenye gari kabla hatujawasha: kitambulisho kiko wapi, nionyeshe.

Nguo nayo ina maana yake. Mbung'o wa Mikumi wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao mnayoiona imetundikwa kwenye miti ni ya vitambaa vya rangi hizo. Mwalimu wa kike alivaa dera la bluu, zuri kweli, na mpaka saa nne mikono yake ilikuwa na vivimbe. Nilimpa khanga yangu ya rangi ya kahawia ajifunike. Zaidi ya hapo huhitaji mavazi maalumu ya kitalii. Unahitaji kitu cha mikono mirefu, kofia, na darubini. Darubini nunua hata iliyotumika, azima, chukueni moja kwa zamu, lakini iwepo. Bila darubini, nusu ya mbuga ni vidoti.

Tulipofika uwanda wa Mkata jua lilikuwa limeshapanda kidogo. Pundamilia walikuwa wengi, nyumbu wamechanganyika nao, na mbali kidogo pofu wawili wakubwa, mikunjo ya ngozi ikining'inia shingoni. Kila mtu akatoa simu. Dereva akasimama, tukapiga picha, akataka kuondoka. Hapo nikamwomba kitu nilichojifunza Tarangire, katika ule upweke wangu wa viti vitano. "Mzee, samahani, tunaweza kuzima gari tukae kidogo?"

Alizima. Mwanzoni ilikuwa sauti ya injini inayopoa, tiki, tiki. Halafu ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye televisheni yoyote: pundamilia wanakula. Nyasi zinakatika kwa meno, kiasi cha mita kumi kutoka tulipo, kwa mpigo mmoja mmoja, kama mtu anayerarua kitambaa chumba cha pili. Mmoja akakoroma puani. Mwingine akaja akaweka kidevu chake juu ya mgongo wa mwenzake na kubaki hivyo, wakiangalia pande mbili tofauti, na mwalimu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wanalindana." Dereva akaitikia kwa kichwa. Tulikaa dakika ishirini. Hakuna aliyegusa simu tena. Ndipo kundi lote, bila sisi kuona sababu, likainua vichwa kwa wakati mmoja na kutazama upande wa vichaka vya kulia.

Hatukumwona. Dereva alizungusha darubini muda mrefu na kusema yupo, nyasi zinamficha. Vichwa vile mia moja vikitazama mahali pamoja vilitosha kunieleza. Sikuona simba siku ile, na nikiulizwa nini niliona Mikumi ninasimulia hilo kwanza. Nawasihi wote wanaokwenda: ombeni gari lizimwe. Haliongezi hata shilingi, na dereva anaokoa mafuta.

Mchana tulikula kwenye eneo la kupumzikia karibu na bwawa la viboko, chapati na mayai ya kuchemsha tuliyobeba kutoka mjini, huku tumbili wakitukodolea macho. Hapo unaruhusiwa kushuka. Kwingine kote hushuki, hata kama unamwona twiga peke yake na unadhani hakuna kingine. Viboko walikuwa wamerundikana majini kama mawe, pua zikifunguka na kufunga. Jioni tukakuta tembo kando ya njia, tukatoka getini saa ileile tuliyoandika. Tulichanga asante ya dereva bila kuombwa.

Wale walimu na kijana walirudi kwao Jumapili. Mimi nilikuwa na siku mbili zaidi, na hizo nilizitunza kwa ajili ya njia ya pili, ile ya mahali ambapo hakuna kiti cha kulipia. Kutoka Mikumi nilipanda Coaster ya Ifakara, barabara inayopita Kidatu na kuvuka Ruaha Mkuu, kilomita sitini na kitu, nikashuka Mang'ula. Hapo ndipo makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ndani hakuna barabara za magari za kuzungukia. Tajiri na maskini wote wanatembea kwa miguu. Unalipa kiingilio, unalipa mwongozaji, unafunga kamba za viatu.

Hapa ninaona kuna dhuluma tunajifanyia wenyewe. Tukisema mbuga, tunamaanisha simba na gari. Lakini Udzungwa ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, misitu ya kale sana ambayo imekaa peke yake kwa muda mrefu hata ikazaa viumbe wake. Kuna nyani wa jamii ya mangabe wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, na duniani kote anaishi pale tu. Mwaka 2008 alitangazwa sengi mpya, panya-tembo mkubwa mwenye uso wa kijivu, kutoka misitu ileile. Mtu anatoka Ulaya kwa ndege mbili kuja kuwatafuta hao, na sisi tunapita na Coaster.

Mwongozaji wangu alikuwa dada, mzaliwa wa hapohapo, kiatu cha mpira na panga kiunoni. Njia ya maporomoko ya Sanje ni ya kupanda, kwenda na kurudi kama saa nne, na mimi si mpandaji. Kila nilipohema sana alisimama akijifanya anataka kunionyesha kitu, na kila mara kweli kulikuwa na kitu: kinyesi cha tembo kwenye mteremko ambao nisingeamini tembo anaupanda, jongoo mwekundu, gome lililokwaruzwa. Mara moja aliinua mkono nisimame. Matawi juu yetu yalitikisika, kisha ikaanza kunyesha mvua ya vipande vya majani. Mbega wekundu wa Udzungwa. Mmoja alikuwa ameketi kwenye panda ya tawi, nywele nyekundu zimesimama kichwani kama kofia, akivuta kitawi kwa mkono usio na gumba, maana mbega gumba lake ni kikonyo tu, akachagua majani machanga, akatupa mengine. Akatuangalia. Akaendelea kula. Dada mwongozaji alininong'oneza, "Wamezoea watu wa njia hii. Ukinyamaza, wanashuka zaidi." Tukanyamaza, wakashuka zaidi.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 170, yakidondoka kwa ngazi. Unayasikia robo saa kabla hujayaona. Kutoka juu unalitazama bonde la Kilombero, mashamba ya miwa yamenyooka kama mistari ya daftari mpaka upeo. Niliingia kwenye dimbwi la chini na nguo zangu. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Siku ile nzima, na kulala, ilikuwa chini ya nilivyolipia kiti kimoja cha Mikumi, na Mikumi yenyewe ilikuwa chini ya theluthi ya Tarangire.

Ziko nyingine za namna hii, kwa mwenye kutafuta. Hifadhi ya Arusha wana matembezi ya miguu na askari mwenye silaha, na mitumbwi kwenye maziwa ya Momela. Mto Rufiji, Hifadhi ya Nyerere, unauona kwa boti, na boti nayo ni suala la viti, kwa hiyo upige simu mapema Mloka, kijiji kilicho kando ya hifadhi, uulize nani anakwenda. Majirani zetu wa Kenya wana Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako unaingia na baiskeli na kupita katikati ya pundamilia na twiga. Hiyo nimeipanga mwakani.

Niliondoka Mang'ula asubuhi, nikaunganisha Mikumi, na saa nane hivi nilikuwa kwenye basi la kutoka Makambako linaloelekea Morogoro. Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja, gunia la vitunguu lake limefungwa chini ya basi, kapu la parachichi mapajani. Nilimwamkia, akaitikia. Tulipoingia eneo la hifadhi basi likapunguza mwendo, na kabla ya geti likasimama kabisa. Tembo saba walikuwa wanavuka. Wa mwisho alikuwa mdogo, akasita kwenye lami, akanyoosha mkonga akainusa, kama anayepima moto wa chai, kisha akakimbia kuwafuata.

Basi zima lilikuwa kimya. Mama akashusha pumzi. Akaniambia kwamba amepita barabara ile mwaka wa kumi na nne sasa, kila mwezi, na hajawahi kuingia lile geti. "Ile ni ya wazungu na wakubwa, mwanangu."

"Kiingilio ni elfu tano na mia tisa, mama."

Alinigeukia. "Elfu tano?"

"Na mia tisa. Uwe na kitambulisho tu."

Basi likaondoka. Alikaa muda akiangalia pale tembo walipoingilia, vichaka bado vinatikisika. Halafu akauliza, "Na gari?"

"Gari ndiyo kazi, mama. Inatakiwa tuwe wanne."

Akaweka kapu chini, akafungua vidole vya mkono wa kushoto, akahesabu. Yeye. Binti yake aliyeko Makambako, ambaye mwezi wa sita shule anayofundisha inafunga. Kidole cha tatu akakielekeza kwangu.

"Wa nne tutampata palepale," nikamwambia. Akanipa simu yake niandike namba.